Dada yangu usitupe tena hivyo vyeupe, hawajafa hao

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Nipo Mbeya nafuga kware 20. Mwezi wa tatu nilinunua funza wa unga nusu kilo, muuzaji akanambia wanazaana wenyewe sitanunua tena. Sasa hivi mwezi wa saba wamebaki kiduchu, kama mia na kitu tu. Kila wiki naokota vitu vyeupe vimejikunja havitembei, naona wamekufa natupa. Kuna mende weusi pia nimewaona nikawaua, nikajua wamevamia. Nakosea wapi? Na jirani anasema hawa funza wakimezwa wazima wanatoboa firigisi ya ndege, kweli?"

Dada yangu pole sana, na sitazunguka, vile vyeupe ulivyokuwa unatupa vilikuwa vizima kabisa, na wale mende uliowaua ndio mama na baba wa funza wako. Hamna aliyevamia hapo. Yani ulikuwa na kiwanda, kila wiki unaondoa mashine moja halafu unashangaa mbona uzalishaji umesimama. Usijilaumu lakini, karibu kila anayeanza anafanya hivyo, na wauzaji wengi hawasemi maana ukijua utaacha kurudi kununua.

Tatizo lingine ni jina lenyewe. Ukisema funza mtu anawaza yule anayeingia kwenye kidole cha mguu, au wale wa nzi kwenye nyama iliyooza. Huyu hana undugu na hao. Wengine wanamwita mnyoo wa unga, na mnyoo pia sio. Huyu ni mtoto wa mbawakawa, mdudu mweusi mwenye gamba gumu mgongoni, kwa kisayansi Tenebrio molitor, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758, na hiyo molitor kwa Kilatini ni msagaji wa nafaka, kwasababu Ulaya walimzoea kwenye vinu na maghala ya unga. Kwaiyo unachowapa kware ni utoto wake tu. Ana maisha ya hatua nne kama kipepeo, yai, buu (ndio huyo funza wako), pupa, halafu mbawakawa. Shule tulisoma tukasahau.

Sasa hicho cheupe ndio pupa. Chukua kimoja ukiweke kiganjani, ukipulizie pumzi au ukiguse mkiani kwa ncha ya kijiti. Utaona mkia unapiga piga kushoto kulia, kama mtoto anayesumbuliwa asubuhi hataki kuamka. Huyo mzima. Hana miguu ya kutembelea, hali, hanywi, ndani anajijenga upya kutoka funza kuwa mbawakawa. Ukimtazama vizuri tumboni unaona miguu imekunjwa na mbawa fupi zimelala, kama mtu amefungwa kwenye shuka. Siku za mwisho macho na miguu vinaanza kuwa kahawia, halafu ngozi inapasuka mgongoni anatoka mbawakawa mweupe kabisa kama maziwa, laini, kichwa tu ndio kina rangi. Usimshike siku hiyo, mbawa bado hazijakomaa. Kesho yake anakuwa rangi ya chai ya maziwa, baadae mwekundu wa kahawia, ndani ya wiki hivi ameshakuwa mweusi. Ukiona mbawakawa wa rangi tatu kwenye beseni moja usidhani ni aina tatu, ni umri tu.

Pupa aliyekufa anajitambulisha mwenyewe, anageuka kahawia nzito au mweusi mwili mzima, amelegea au amekauka kama kokwa, ukimgusa kimya, na mara nyingi ananuka. Huyo toa fasta. Na kuna weupe wengine pia sio wa kutupa, funza aliyetoka kujivua gamba anakuwa mweupe na mlaini kwa masaa kadhaa, halafu anarudi rangi yake ya njano. Anajivua hivyo mara 9 mpaka 20 kabla hajakomaa, ndio maana juu ya pumba unakuta maganda mepesi kama makapi ya mchele. Ni nguo kuukuu hizo, pulizia taratibu nje upepo uondoke nayo.

Tuje kwenye hesabu maana hapa ndio ulipoliwa hasa. Funza aliyekomaa ana sentimita 2.5 mpaka 3 na uzito kama gramu 0.1 na kidogo, kwaiyo nusu kilo yako ilikuwa na funza kama elfu 4 hivi, tuseme ikizidi sana elfu 5. Kware 20 ukiwapa watano watano kila siku ni 100 kwa siku, elfu 3 kwa mwezi. Siku 40 au 50 mzigo umeisha. Na huyo mdudu ili akupe kizazi kingine anahitaji miezi, sio siku. Kwaiyo hata usingetupa pupa hata mmoja bado ungekwama, kwasababu ulikuwa unalisha mbegu. Ni kama mtu amenunua debe la mahindi ya kupanda akala ugali, mvua ikinyesha anauliza mbona shamba jeupe.

Muda wake ni huu, na hapa kuwa makini maana vitu vinavyosemwa kuhusu huyu mdudu vingi vimepimwa kwenye joto la nyuzi 25 mpaka 28, na wewe uko Mbeya mwezi wa saba ambapo usiku inashuka chini ya nyuzi 10. Kwenye joto zuri yai linaanguliwa ndani ya wiki moja hivi, funza anakua miezi miwili mpaka mitatu, pupa anakaa wiki moja mpaka mbili, mbawakawa anaishi miezi miwili mitatu na jike anaanza kutaga siku chache baada ya kukomaa, anaendelea kutaga mpaka uzee. Jike mmoja maisha yake yote anataga mayai 250 mpaka 500 hivi, ingawa sio yote yanafika. Sasa kwenye baridi kila hatua inarefuka, yai wiki mbili au zaidi, pupa wiki tatu, funza ndio usiseme, anaweza kukaa nusu mwaka anakutazama tu. Wamewahi kupimwa waliochukua zaidi ya mwaka mzima na nusu. Hafi, amepunguza mwendo tu. Mtu wa Dar na mtu wa Mbeya wakianza siku moja, wa Dar atakuwa anavuna wakati wa Mbeya bado anapiga simu kwa muuzaji kulalamika.

Kwaiyo kazi ya kwanza kwako ni joto. Tafuta kabati dogo au boksi la mbao, weka balbu moja ya kizamani ile ya kutoa joto, izibe kwa kopo ili mwanga usiwasumbue maana hawa wanapenda giza, na ning'iniza kipimajoto humo. Ukipata 25 mpaka 28 umemaliza. Usiweke juu ya jiko la mkaa, joto likipita 35 unaanza kupoteza, na mayai ndio yanatangulia. Na tafadhali boksi lisiwe la lile povu jeupe linalokuja na TV, hawa jamaa wanalila. Sitanii, mwaka 2015 watafiti wa China na wa chuo kikuu cha Stanford Marekani walionyesha funza 100 wanakula miligramu 34 mpaka 39 za lile povu kwa siku, na pale ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu Nairobi, wamefanya kazi kama hiyo na ndugu yake mdogo wa huku kwetu Afrika. Kwa sayansi ni habari njema, kwa boksi lako ni matundu.

Kazi ya pili, mabeseni matatu. Beseni la plastiki laini la kawaida linatosha, hawawezi kupanda ukuta unaoteleza, na mbawakawa ana mbawa ila kuruka ni nadra sana. Kuwatenganisha sio urembo. Funza mwenye kiu anamtafuna pupa, na pupa hana pa kukimbilia. Mbawakawa nao wanakula mayai yao wenyewe. Ukiwaacha wote chombo kimoja wanazaliana kweli lakini wanakula nusu ya faida. Ukiona mbawakawa ametoka na mbawa zimekunjika au ana kitundu mgongoni, jua alitafunwa akiwa pupa.

Hao mia na kitu waliobaki usimpe kware hata mmoja kuanzia leo. Kware watakula chakula chao cha kawaida, funza ni kitoweo tu hawatakufa kwa kukikosa. Waweke kwenye pumba kina cha vidole vitatu, wape joto, subiri. Funza anayekaribia kuwa pupa anapanda juu, anaacha kula, anajipinda kama mwezi mchanga anakaa hivyo siku moja mbili. Akishageuka mchukue kwa kijiko cha plastiki, sio kwa vidole, mpeleke beseni la pili, lenye karatasi tu chini au pumba kidogo. Angalia kila siku mbili. Wakitoka mbawakawa wahamishie beseni la tatu lenye pumba safi, na vipande vya trei ya mayai wajifiche chini yake.

Baada ya wiki mbili chekecha mbawakawa, wahamishie pumba mpya, na zile pumba za zamani usizitupe!! Hapo ndio kuna mayai. Yana urefu chini ya milimita 2, meupe, yananata, yanajipaka pumba juu kwaiyo hutayaona hata ukivaa miwani. Andika tarehe kwa marker pembeni ya beseni, weka juu ya kabati, usahau. Mwezi mzima utaona kama beseni tupu na utatamani kumwaga. Usimwage. Siku moja washa tochi ya simu, tuliza macho kama dakika moja, utaona pumba zinacheza zenyewe, uso wote unatikisika kidogo kidogo kama uji unaoanza kuchemka. Ni watoto hao, wembamba kama uzi. Mimi mpaka leo nikiona hivyo naita watu nyumbani waje waone, watoto washachoka kuitwa.

Chini ya beseni baadae utakuta kitu kama mchanga mwembamba, mkavu, hauna harufu. Ni kinyesi chao, mbolea nzuri sana kwa mchicha. Ila usichekeche mapema kabla funza hawajafika kama sentimita moja maana utawapitisha na watoto.

Ukitunza hivyo, hata kwa hesabu ya ubahili, funza 120 wakikupa mbawakawa 80, majike 40, kila jike akakuachia 100 tu wanaofika ukubwa, hao ni elfu 4, umerudisha mzigo ulionunua. Hapo bado usishangilie. Toa 500 wakubwa wakubwa kuwa mbegu, waliobaki ndio uanze kugawia ndege, kidogo. Kizazi cha pili ndio utaacha kuhesabu. Kwa joto zuri hiyo safari yote ni miezi minane au tisa, usidanganywe na mtu anayekuambia miezi miwili. Halafu ukifika hapo utakuwa na mabeseni ya tarehe tofauti tofauti, moja linaisha lingine linaiva, hakuna siku ya kukosa.

Sasa pumba. Bora ni pumba za ngano, hapo Mbeya zinapatikana kwenye maduka ya chakula cha mifugo. Za mahindi zinakubali ila wanakua taratibu zaidi. Na hapa nikusimulie kilichonikuta mwenyewe, maana bado kinaniuma. Nilikuwa na mabeseni kumi na mbili hapa Morogoro yamejaa, nikaishiwa pumba za ngano, nikapita mashine moja ya jirani nikachukua gunia la pumba za mahindi, nzuri, nyeupe, bei chee. Nikajaza jioni. Asubuhi nafungua, mbawakawa wote chali, miguu juu inatetema. Siku ya tatu funza wameanza kuwa weusi. Kumbe yale mahindi yalikuwa ya ghalani, yamechanganywa na ile dawa ya vumbi ya kuzuia dumuzi, yakasagwa bila kuoshwa, na dawa nyingi inabaki kwenye ganda, na ganda ndio pumba. Fikiria, dumuzi ni mbawakawa, na wangu ni mbawakawa, dawa haiulizi jina. Nilibakiwa na beseni moja ambalo sikuwa nimelijaza kwa uvivu. Tangu hapo gunia jipya naweka kiganja kimoja kwenye kopo na funza kumi, nasubiri siku nne ndio nachanganya na wengine. Na ukiwa na friza, igandishe pumba siku mbili kabla ya kutumia, inaua utitiri wa nafaka, vile vidudu vidogo kama vumbi linalotembea ambavyo vikiingia kutoka kwake ni kazi.

Maji usiwawekee kwenye kisahani, watazama na pumba zitaota ukungu. Wape kipande cha karoti, kiazi mviringo au ganda la papai, weka juu ya kipande cha trei kisiguse pumba, toa baada ya siku mbili hata kama hakijaisha. Hicho ndio kinywaji chao. Wakikosa hicho ndio wanageukia pupa.

Maadui wako kwa huku kwetu ni watatu. Sisimizi kwanza, usiku mmoja tu wanabeba mayai yote, kwaiyo weka miguu ya meza kwenye makopo yenye mafuta machafu ya gari. Mjusi wa ukutani pili, anapenda mbawakawa kuliko wewe unavyopenda kuku, funika kwa wavu wa dirisha. Panya ndio wa tatu na huyu sio wa utani, kuna tegu wa panya ambaye mayai yake yakiliwa na funza hawa yanakua ndani yao, halafu panya au mtu anayemla funza huyo anaweza kubaki na tegu. Panya asigusane kabisa na pumba zako.

Na ile ya jirani. Hapana, haiwezekani. Kware akimeza funza, firigisi inamsaga pamoja na vichanga vilivyomo, anafia humo humo. Nadhani uzushi ulianza pale mtu alipokuta ndege amekufa kwa sababu yake nyingine, halafu funza wako wanamla, basi akasema walitokea ndani. Kitu cha kuogopa kweli ni kingine, kalsiamu. Hawa wana protini nzuri, karibu gramu 19 kwenye kila gramu 100 za funza wabichi, na mafuta kama 13, lakini kalsiamu hamna kitu, fosforasi imezidi mara zaidi ya kumi. Kware wa mayai ukimshibisha funza utaanza kupata mayai ya ganda laini, utadhani ugonjwa. Wape watano watano kama ulivyokuwa unafanya isizidi, na chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyosagwa yawepo muda wote pembeni. Vifaranga wape wale wadogo wadogo.

Kuna siku utakutana na muuzaji ana funza wakubwa ajabu, mara mbili ya wako, anasema mbegu ya kisasa. Uliza kwanza. Kuna wanaowekewa homoni inayowazuia kugeuka pupa, wanabaki kunenepa tu, hao kwa mbegu ni hasara maana hawazai vizuri. Na kuna aina nyingine kabisa, Zophobas, funza wa sentimita 5 hivi, huyu hageuki pupa mpaka umtenge peke yake kwenye kikopo, ukimchanganya na wenzake hata miezi hageuki. Na huyo usimtie friji anakufa, lakini hawa wako wa unga ukiwa nao wengi unaweza kuwaweka chini kabisa ya friji kwenye nyuzi 7 au 8 wakalala wiki kadhaa bila kukua, unatoa kila wiki siku moja wale karoti wanarudi. Ila kwa sasa friji huihitaji, Mbeya yenyewe ni friji.

Ukija kuwa na kuku 300 au samaki, achana na hawa hamia nzi chuma (black soldier fly), funza wake anakula mabaki ya jikoni na sokoni na mzunguko wake ni wiki sita hivi. Funza wa unga anataka chakula kikavu cha kununua, kama kilo 2 na ushee ili akupe kilo moja ya mwili wake, kwaiyo kwa mifugo mingi hesabu inagoma. Kwa kware 20 ndani ya nyumba, bila harufu, bila nzi, sijaona bora kuliko yeye.

Vaa barakoa ukichekecha, lile vumbi likizoeleka linaleta mafua na muwasho, hasa kama mwilini mwako kamba wa baharini wanakusumbua, maana mzio wake na huu ni ndugu. Leo jioni pitia beseni lako polepole kwa tochi, kila cheupe kiguse mkia. Na hata lile jalala ulilotupa wiki hii, kama bado halijachomwa, kaangalie, pupa anavumilia siku kadhaa.